Mifarishi ya Bweni la Kusini

Mvua za plamu, zile zisizokatika matunda hayo yakiiva, zikishika mji wetu, hata viatu huota ukungu kabatini. Kwa hiyo jua la kwanza likitoka, Shangazi Mu Suzhen, matroni wa Bweni la Kusini, huwatolea wasichana mifarishi yao ya pamba wanayojifunika, akaitandaza kwenye ukingo wa baraza na kuichapa kwa ufito mpaka vumbi liishe. Wamisionari wa Kiprotestanti waliojenga chuo kizima waliufanya ukingo ule mpana, Mungu awabariki. Mimi nachemsha maji ya chai hapo chini, na nasema wazi: mwanamke huyu nampenda.

Mwaka huu bweni lilitangazwa kuwa urithi unaolindwa. Mkurugenzi wa chuo, Ouyang, kijana msafi kuliko sahani ya wageni, akapiga marufuku kuanika chochote. Wakaguzi wa urithi walikuwa njiani, na atakayekaidi angeachishwa kazi. Kazi hiyo ndiyo inayompa Suzhen hata chumba cha kulala, hana kwingine.

Siku ya wakaguzi ndiyo jua likachagua kutoka. Suzhen akatoa mifarishi yote. Nikasema moyoni, sikio la kufa halisikii dawa.

"Shangazi, shusha hivyo vitu," Ouyang alisema, jasho likimtiririka. "Unataka wageni wakute soko la mitumba?"

"Nitashusha vikikauka."

"Kwani kazi huitaki?"

"Naitaka sana. Ila watoto wanalala kwenye unyevu tangu mvua zianze, na jengo hili lilijengwa ili walale. Nifukuze jioni, mwanangu. Saa hizi niache nichape vumbi."

Wakaguzi walishaingia langoni. Hapo akatokea mke wa Ouyang, Mwalimu Lanying, aliyelala bweni hilo enzi za usichana wake. Alikuwa amekumbatia mfarishi wao wa ndoa, mwekundu, uliotariziwa bata wawili, alama ya mapenzi ya mke na mume. Akautupa katikati ya ukingo, mbele ya wageni.

"Mke wangu, si leo jamani," Ouyang alinong'ona.

"Leo ndiyo jua lipo. Wetu unanuka ukungu, na wewe unakoroma humohumo."

Mkaguzi mmoja alicheka. Ouyang akawatazama wageni, kisha akamtazama Suzhen, aliyekuwa bado ameshika ufito. Akavua koti, akashika ncha ya pili ya mfarishi, akaivuta mpaka ukanyooka.

"Shangazi," akasema taratibu, "na huu uchape."