Namba Iliyoanza Magharibi

Baada ya miaka ya kupangia foleni kipande cha sabuni, biashara ilifunguliwa, na kiwanda chetu cha sabuni kwenye njia ya Pongwe kikapata mnunuzi wa nje. Alitaka kila katoni iwe na barkodi, ile mistari myeusi, na ndani yake siku na saa sabuni ilipomwagwa kwenye kalibu. Tulibakiwa na nafasi ya tarakimu nne tu. Wakubwa walikuna vichwa wiki nzima. Mimi, karani wa stoo nisiyeulizwa kitu, nikasema: tuache tarehe, tuhesabu saa tangu mwaka uanze. Mwaka mzima haufiki saa elfu tisa. Wakakubali, wakanipa mashine ya kupiga namba niianzishe. Siku hiyo nilitembea kwa maringo, sikatai.

Mwezi wa tatu zikarudishwa katoni zenye namba 1210, sabuni laini kama bokoboko. Meneja akagawanya kwa ishirini na nne: siku hamsini, juu yake saa kumi. Kwa hesabu ya ofisini, inayoanza saa sita usiku, hiyo ni saa nne asubuhi, zamu ya shangazi yangu aliyenilea. Barua ya kumfukuza ikapigwa chapa.

Nilipoiona ile barua nilijua mara moja. Kosa lilikuwa langu. Hesabu ya mashine niliianzisha magharibi, mkesha wa mwaka mpya, maana kwetu siku huingia jua likizama. Sikumwambia mtu. Sikudhani kuna anayehesabu vingine.

Niliingia ofisini bila hodi.

"Shikamoo, bwana meneja. Ukitaka kufukuza, nifukuze mie. Hizo saa kumi ni toka magharibi. Ni alfajiri hiyo, shangazi yu kwake kalala!"

"Ushahidi?"

"Daftari la mlinzi."

Likaletwa, likafunuliwa siku ile. Mwandiko wa kuku, lakini ulisomeka: saa kumi alfajiri umeme umekatika, pipa la sabuni limepoa.

Meneja, Mhindi Mwislamu mzaliwa wa Tanga, akajishika kichwa. "Usiku wa Ijumaa nausali Alhamisi jua likishazama, kisha naja hapa nasahau!" Akaichana barua.

"Nibadili mashine?" nikauliza.

"Iache. Ofisi ndiyo itakayohama, ihesabu toka magharibi."

Nikampelekea shangazi vile vipande vya barua, nikamweleza kisa cha namba. Akavitazama, akanitazama.

"Na hiyo namba kaitunga nani?"

"Mie."

Akapiga kigelegele pale pale penye mikanda ya katoni, na zamu nzima ikampokea.