Oili ya Mara ya Pili kwenye Mashine ya Marehemu

Mume wangu aliniachia mashine ya kusaga pale Makere, na mtani mmoja. Mashine ni ya dizeli, na ndiyo inayotulisha mimi na wanangu. Mtani ni Mnyamwezi mwenye duka la vipuri Kasulu. Msibani alilia kwa sauti kunishinda mimi, akidai marehemu amewahi mbinguni ili ashike kiti cha dirishani. Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, kwa sababu mtani kazi yake ni hiyo.

Baada ya arobaini alirudi na dumu la oili.

"Shemeji, hii imeshatumika, ikarudishwa kiwandani ikasafishwa upya. Bei yake nafuu."

"Marehemu hakuweka ila mpya."

"Marehemu! Suruali ya harusi yenyewe ilikuwa ya mtumba. Mashine tu ndiyo aliyoivisha mpya."

"Injini ikinoki ikafa, utanilisha wewe?"

"Nitahamia hapa nikutwangie kwa mkono. Si ndivyo Waha mnavyopenda, kutumikiwa?"

Nilicheka, lakini niliogopa kweli. Injini hiyo ikifa sina nyingine. Oili chafu naijua, tunapaka nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa. Ila ya mtani ilikuwa na rangi ya asali, na haikunuka kuungua. Nikampa sharti: tusage kwanza kwa mpya, halafu kwa yake, kila moja hadi muda wake wa kubadilishwa ufike. Kila Jumamosi nilichomoa kijiti cha kupimia oili nikadondosha tone kwenye kitambaa cheupe, la mpya upande mmoja, la mtani upande wa pili.

Mwishoni mtani akakiinua kitambaa juani kama daktari mwenye picha ya mbavu.

"Haya, nionyeshe ya mumeo ni ipi."

Nilitazama hadi macho yakauma. Madoa ya pande zote mbili yalianza kahawia yakaishia meusi. Kwa oili yake mashine haikuzidisha moshi wala joto. Nilitaka mpya ishinde, ili ionekane mume wangu hakukosea. Sikuona tofauti.

"Basi alikosea," nikasema.

Mtani aliacha mzaha. "Aliiogopea mashine tu, shemeji. Kama wewe."

Nikachukua lile dumu nikaimimina oili mwenyewe, taratibu, kama alivyokuwa akimimina mume wangu. Mtani akaanza kulalamika kwamba Kasulu watafunga maduka yote kabla sijamaliza.