Faini ya Asali

Kila ninapopita mahali nta ya nyuki inapochemshwa, ile harufu yake tamu yenye moshi kidogo hunifanya nizibe pua na kuharakisha hatua. Wenzangu hufikiri ni kichefuchefu, nami huwaacha wafikiri hivyo. Ninyi nitawaeleza.

Baba yangu alikuwa mrina asali, upande wa Igalula, enzi za Mwingereza. Mizinga yake ya magome ilitundikwa mitini ndani kabisa ya pori, na watu walisema nyuki wanamjua kwa jina. Mimi nilikuwa mtoto pekee wa kijiji chetu niliyekwenda shule ya misheni. Kiingereza changu chote kingeenea kwenye kiganja, lakini nilivyojigamba nacho! Hata mbuzi niliwaamkia kwa "gudi moningi". Mama alikuwa akisema, "Debe tupu haliachi kuvuma."

Siku moja akaja Mzungu wa misitu. Karani aliyekuwa akimtafsiria alikuwa amebaki stesheni, kashikwa na homa. Mzungu akaonja asali ya baba, akafumba macho, akauzunguka mzinga mmoja uliokuwa uani huku akiugongagonga kwa vidole. "Fain!" akasema. "Veri fain!" Kisha akapanda gari lake akaenda zake.

Watu wote wakanigeukia mimi.

"Kasemaje?" baba akauliza.

Sasa jamani, "veri" nilikwisha kufundishwa kuwa ni "sana". Na faini, nani asiyeijua? Usipolima mihogo, faini. Ukichoma pori, faini. Kitu kizuri tulifundishwa kukiita "gudi", basi.

"Anasema faini," nikajibu. "Faini kubwa sana."

"Una hakika, binti yangu? Mbona alikuwa anacheka?"

Hapo ndipo ninapojilaumu hadi leo. Kicheko kile hata mimi nilikuwa nimekiona, na kilinitia shaka. Ningeweza kusema sijui. Lakini majirani walikuwa wamesimama wakinitazama, nami nikaona aibu.

"Wazungu ndivyo walivyo," nikasema. Kisha, bila kuulizwa na mtu, nikaongeza, "Ni kwa sababu unabandua magome ya miti."

Jioni ile ile baba aliubeba ule mzinga wa uani akaingia porini, akaishusha na mingine yote, akairundika pamoja na kuichoma ili wakija wasikute kitu. Alirudi macho mekundu. Mama alisema ni moshi. Nyuki walizungukazunguka juu ya nyumba yetu hata siku ya pili, halafu wakahama.

Haukupita muda Mzungu akarudi, safari hii na karani wake. Karani akatueleza kwa furaha kwamba bwana hajapata kuonja asali kama ile, na kwamba sasa anataka kuwaleta warina wa vijiji vingine waje wajifunze kwa baba.

"Si alikwambia siku ile kwamba ni fine, yaani nzuri?" akasema. "Haya mzee, tuonyeshe mizinga."

Nilitamani ardhi ipasuke. Baba alinitazama mara moja tu.

"Imeungua," akasema. "Nilikuwa narina, moto ukanishinda."

Kwa kuchoma pori akatozwa faini, ya kweli sasa, akamuuza ndama wetu ili ailipe. Tulipokuwa tukirudi kutoka barazani nililia njia nzima. Akanishika bega.

"Nyamaza, mama. Hukukosea. Ulitangulia tu."

Akacheka kwa utani wake mwenyewe. Mimi sikuweza. Hakurina tena maishani mwake. Alilima tumbaku, ambayo harufu yake ilimkohoza hata kabla haijakauka.

Miaka mingi baadaye, kijana wa ukoo wetu aliyekuwa akisomea upadri Kipalapala alinieleza kwamba maneno yale mawili ni ndugu. Yametoka katika neno moja la Kilatini lenye maana ya mwisho. Kitu kilichofikishwa mwisho wa uzuri wake Waingereza hukiita fine, na malipo yanayomaliza shauri nayo huyaita hivyo hivyo. Alidhani nitafurahi. Lakini mimi ndipo nilipoelewa. Utotoni niliamini kwamba baba alinisamehe kwa kuwa kosa lenyewe lilikuwa dogo, kosa la neno tu. Kumbe yeye alitozwa, akalipa, shauri lake likaisha. Mimi hakuna aliyenitoza kitu, na langu halijaisha.