Vioo Vitatu vya Kutu

Nilikuja nyumbani Mollo na vioo vitatu, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, vimepakwa kutu. Ndiyo, kutu ya chuma hii hii tunayoijua, ila hii niliiotesha mwenyewe maabara, chembe ndogo mno zilizosimama wima kama nyasi. Ukiitia majini na jua likaipiga, inasaidia kupasua maji ipatikane haidrojeni, gesi inayowaka bila moshi. Tatizo langu lilikuwa moja tu: kutu yangu ilikuwa inabanduka. Msimamizi wangu chuoni alishachoka. "Hivi vitatu vikishindikana, tafuta mada nyingine," aliniambia. Miaka yangu miwili yote ilikuwa pale.

Mama alinicheka. "Babu zako walichoma udongo huu wakatoa chuma. Wewe umesomeshwa ukirudishe kuwa kutu?"

Jumamosi asubuhi jumuiya ya kanisani ilikuwa inasali kwetu, na mama akipokea jumuiya, hata mfuniko wa birika lazima ung'ae. Vioo nilikuwa nimeviacha kwenye sahani, juu ya kichanja cha vyombo, vipate jua. Narudi kutoka kisimani, namkuta na majivu na gunzi la mahindi, anasugua.

"Mama! Umefanya nini?"

Nilimfokea, jamani. Mama yangu mzazi, mbele ya wanajumuiya waliokuwa wanaingia uani. Viwili vilikuwa vyeupe pe. Cha tatu alikifuta kwa kanga, akanipa taratibu.

"Hiki kimenishinda, mwanangu. Nimesugua mpaka kidole kimechubuka. Samahani."

Kilikuwa kile nilichokizidishia moto kwenye tanuri, nikakidharau kwa weusi wake. Kutu yote ilikuwepo.

Wimbo wa kwanza haujaisha, mimi niko nyuma ya nyumba na chupa ya maji ya dawa, nyaya, betri ndogo na mita ya kupimia umeme. Nikakitia kioo majini, mshale ukapanda. Nikakinga jua kwa kiganja, ukashuka. Nikaondoa, ukapanda tena, na kwenye waya vipovu vikaanza kutoka kimoja kimoja. Nililia, sioni aibu kusema.

Wageni walipoondoka nilipiga magoti kando ya beseni lake la vyombo.

"Nisamehe, mama. Nilikosa adabu."

"Kwani kuna kilichobaki kinafanya kazi?"

"Kipo. Hicho kilichokushinda."

Akakitazama kidole chake, akacheka mpaka akakaa chini.

"Basi ukija tena lete vingine," akasema. "Nitakusugulia."