Mwanamuke Mwenye Alishindwa Ngazi Tatu

Musiniambie nililota. Ilikuwa saa sita ya muchana, jua kali, hapa Butembo, na nilikuwa sijakunywa hata maji.

Nilikuwa natumika mu labo moja yenye inachunguza tule tunzi tudogo twenye macho mekundu, twenye tunafuataka ndizi ya kuoza. Kazi yangu ni kufagia, na kutenganisha dume na jike chini ya loupe, kile kioo cha kukuza. Nzi hangoji umuhesabu, donc tulikuwa tunatulalisha kwanza na gaz. Chupa ya gaz ilikuwa inatoka Beni na camion. Barabara ikafungwa, chupa ikaisha. Chef wa labo akasema: «Kwani kasikisi ikichemuka yenyewe, bila moto, haitoe gaz ile ile?» Akaleta bidon ya ile pombe ya ndizi, akatia tuyau ya kupitisha gaz, akaiweka chini ya meza. Nakubali, ilikuwa akili ya kwetu kabisa.

Lakini gaz yake haikuwa na kipimo. Nzi muzima, ukigonga chupa, anakimbilia juu. Twenye tulilala sana, tukiamuka, hatukupanda tena. Tule tunzi tunaweka muguu kwa ukuta wa chupa, tunaanguka, tunaweka tena. Dume, hata jike akiwa mbele yake, hamutambue tena. Nikamwambia chef. Munajua alinijibu nini?

«Mama Mumbere, wewe hesabu. Kufikiri ni kazi yangu.»

Mumbere ni mwana wangu wa kwanza. Alikuwa na miezi saba, sikuwa na wa kumuachia. Nilikuwa namulalisha mu beseni, chini, kando ya bidon, kwa sababu baridi ya mule ndani haihurumie mutoto na kasikisi ikichemuka inatoaka joto. Mulango daima umefungwa. Chef alikuwa amekataza: tunzi tusitoroke.

Ile muchana chef alikuwa ameenda kula. Nikasikia hodi. Nikatoka, nikafunga mulango nyuma yangu, kama sheria. Mwanamuke alisimama chini ya ngazi za mulango. Ngazi zenyewe tatu tu. Kikwembe cha manjano, mistari nyeusi. Macho mekundu, haiko ya kulia, mekundu yote. Akaweka muguu kwa ngazi ya kwanza, akaanguka na magoti. Akaweka tena. Akaanguka.

Nilicheka, Mungu anisamehe. «Mama, muchana hivi ushalewa?»

«Ni nyie munatulewesha. Tangu munilalishe, kupanda kulinikatalia.»

«Sisi? Hapa haiko hospitali, mama.»

Akaniangalia. «Na wako, unamulalisha wapi? Chini?»

Muniamini, nikakumbuka beseni. Nikarudi ndani mbio. Mumbere alikuwa mulegevu kama kitambaa cha kutoka mu maji. Namwita, hapana. Namufinya, hapana. Nikamutoa inje, nikamupiga nyayo, nikamupulizia mu kinywa, mpaka akalia. Ile kilio! Nilipoinua macho, mwanamuke hakuna. Kwa ngazi ya kwanza kulikuwa kanzi kamoja ka macho mekundu. Kanaweka kamuguu kwa simiti, kanaanguka.

Chef alirudi, akaandika mu kaye yake: «Nzi zimetoroka, mama aliacha mulango wazi.» Ya mutoto, hata mustari moja! Na ya mwanamuke akasema harufu ya kasikisi ilinilewesha. Sawa. Basi anielezee na hii.

Leo Mumbere anatembea, anakula, anatukana kuliko baba yake. Munganga anasema haiko na ugonjwa. Lakini batoto ba rika yake banapanda viti, banapanda mabenchi ya kanisa. Yeye anafika kwa ngazi, anaweka muguu, anautoa, ananiangalia. Na Butembo ni milima tupu! Miaka tatu sasa namubeba mugongoni mpaka kwetu kule juu, na kila hatua namulaani chef.

Wewe unayechemusha kasikisi mu nyumba, usilalishe mwana kando yake. Ile gaz hauioni, na inakaaka chini, kwenye tunalalishaka batoto. Fungua mulango. Tunzi tutoroke, tuende! Na mwanamuke akishindwa na ngazi zako, usicheke kama mimi. Geuka kwanza, uangalie mwana wako analala wapi.