Shangazi Mkata Matete

Shangazi yangu alikuwa mkata matete, na kama ungemwita mhifadhi wa mazingira angekucheka mpaka uone aibu wewe. Lakini bwawa lile lilikuwa bwawa kwa sababu ya watu kama yeye. Hapo zamani palikuwa na mashimo ya wafyatua matofali. Walichimba udongo wakaondoka, maji yakajaa, matete yakaota, ndege wakaja, na mwisho viboko nao wakahamia bila kubisha hodi. Viboko walipasua mifereji kwa matumbo yao, wakataji wakafyeka kandokando, na kwa kazi ya hao wawili maji yalipata pa kupita.

Kazi ilikuwa na masharti yake, na Shangazi aliyashika masharti hayo kuliko alivyowashika waume zake wawili. Mwaka huu mnakata kipande hiki, kile mnakiacha ili ndege wapate pa kutagia. Njia ya kuingilia mnaifyeka upana wa hatua nane, ili mtu amwone kiboko na kiboko amwone mtu. Tena mkiwa njiani mnagonga mundu kwa mundu na kupiga soga kwa sauti, hata kama siku hiyo mmenuniana.

"Kiboko hana neno," alikuwa akituambia. "Neno linakuja ukimfikia hajajua kama unakuja."

Baba yangu, mdogo wake wa pekee, alikuwa askari wa hifadhi. Mama yao alipofariki, Shangazi ndiye aliyemlea, akimbeba mgongoni wakati yeye mwenyewe bado alistahili kubebwa. Siku Baba alipopata sare, ni Shangazi aliyempigia pasi suruali, akamzungusha uani mara tatu akimkagua.

"Haya, umekuwa mtu wa serikali," akamwambia, "na miguu yako ileile ya korongo."

Kisha akaletwa mkuu mpya wa hifadhi. Tulimwita Bwana Utaratibu, maana hakuweza kumaliza sentensi bila neno hilo. Ofisini kwake alibandika ramani ya bwawa iliyozungushiwa mstari mwekundu: wanyama ndani, watu nje. Aliwaita wakataji wote kwenye ukumbi wa shule akawatangazia kwamba kuanzia siku hiyo, kuingia bwawani na mundu ni kosa la jinai. Shangazi akanyoosha mkono.

"Na njia atafyeka nani?"

"Mama, asili ina utaratibu wake, inajitunza yenyewe."

"Mkubwa, hiyo asili unayoisema ilikuwa shimo la matofali."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, isipokuwa mtu mmoja. Sisemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeiamini ramani kuliko macho yake, na mpaka leo nikikutana naye navuka barabara.

Miaka miwili ilitosha. Matete yakafika urefu wa watu wawili, mifereji ikaziba, samaki wakaanza kuelea matumbo juu, na ndege waliopenda maji ya wazi wakahama. Viboko walibaki na njia moja tu ya kutokea, ile ile iliyokuwa ya wakataji, ambayo sasa ilikuwa nyembamba kiasi cha bega. Kisha ikaja amri nyingine. Kwa kuwa baadhi ya watu walikuwa wakiingia kukata kwa siri, askari watembee kimyakimya wawanase. Baba alipita mle kila asubuhi, yeye na mwenzake, bila kukohoa.

Jumapili moja tukiwa mezani mchana, Shangazi alikuja akasimama mlangoni. Mama alimpa kiti akakikataa.

"Mdogo wangu, ni kweli mnatembea mle kimyakimya?"

"Ndiyo amri, dada."

"Mbele unaona mpaka wapi?"

Baba akaendelea kutafuna. Mama ndiye aliyejibu. "Juzi kiboko amempita kama hapa na mlangoni, wifi. Kiboko mwenyewe ana mtoto. Huyu amerudi na tope hadi kifuani, ananiambia ameteleza."

"Nimeandika barua mbili njia ifyekwe," Baba akasema. "Nimeambiwa nisubiri utaratibu."

"Basi nitafyeka mimi kesho."

"Nitakukamata, dada. Sikutishi. Mwenzangu anapeleka kila neno ofisini, na mkuu ameshasema atakayemficha ndugu yake atavua sare."

"Nikamate. Utanikamata njia ikiwa imeshafyekwa, nami nitalala usingizi."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilidhani wanatishiana tu, kama kawaida yao.

Jumatatu kulipopambazuka Shangazi aliingia bwawani peke yake. Alifyeka hatua nane upana, kama ilivyotakiwa, akigonga mundu kwenye jiwe alilolibeba mfukoni, kwa kuwa hakuwa na mkataji mwenzake. Kugonga huko ndiko kulikomponza. Baba na mwenzake walimsikia wakamfuata, wakamkuta amemaliza kama theluthi ya njia. Baba alimwomba mundu, naye akautoa bila ubishi. Kituoni Baba peke yake ndiye aliyeandika maelezo, kwa mkono wake: mimi nimemkuta mtuhumiwa, ambaye ni dada yangu, akikata matete ndani ya hifadhi. Shangazi akawekwa mahabusu. Jioni ile nilimwambia Baba maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Jumatano asubuhi Baba aliingia zamu kama kawaida. Walipita sehemu iliyofyekwa, wakaingia kwenye matete, Baba mbele. Mwenzake alisema hakuona kitu. Alisikia matete yakivunjika, akasikia Baba akiita mara moja, akakimbia. Simlaumu. Nilijaribu kumlaumu nikashindwa.

Walikusanyika askari kumi na bunduki mbili, na hakuna aliyethubutu kuingia, kwa sababu kiboko na mtoto wake walikuwa bado humo ndani na mtu haoni hata mkono wake. Saa nne Bwana Utaratibu aliendesha gari mwenyewe hadi kituoni, akaomba Shangazi atolewe mahabusu aje kuwafyekea njia. Polisi walimrudishia mundu, ukiwa umefungwa karatasi iliyoandikwa "kielelezo".

"Yuko hai?" Shangazi akauliza.

Mkuu akamfungulia mlango wa gari.

Alianza pale pale alipokatizwa Jumatatu. Akatuamuru wote tuliokuwa ukingoni tupige kelele, tugonge masufuria, mabati, chochote. Mkuu naye aligonga boneti ya gari lake. Kiboko akasogea na mtoto wake, wakaingia majini polepole. Shangazi hakuinua kichwa, alikata tu, huku machozi na jasho vikimwagika pamoja. Alimfikia Baba kabla ya adhuhuri. Kutoka pale alipokamatiwa mpaka pale Baba alipolala ni hatua thelathini. Nilizihesabu mwenyewe, kwenda na kurudi.

Tulimzika Ijumaa. Jumatatu Shangazi akapelekwa mahakamani, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kufuta kesi. Alipandishwa kizimbani na nguo zilezile za msiba. Hakimu, mtu mzima mwenye mafua, akafungua jalada.

"Shahidi wa upande wa mashtaka yuko wapi?"

Mwendesha mashtaka akanong'ona kitu.

"Sema kwa sauti, kumbukumbu ziandikwe."

"Amefariki, mheshimiwa. Tunaomba kuliondoa shauri kwa kukosa ushahidi."

Hakimu akaandika. "Mama, huna kesi. Nenda nyumbani."

Shangazi hakuondoka. "Mheshimiwa, aliyoyaandika ni kweli. Alinikuta nakata."

"Mama, nimesema uko huru."

"Nimesikia. Lakini hapo umeandika hakuna ushahidi. Upo. Mdogo wangu aliona, akaandika, wala hakunipendelea. Naomba uandike kwamba alisema kweli."

Karani alikuwa ameshaita jina la kesi inayofuata, na askari wa mlangoni akaja kumshika Shangazi mkono ashuke.

"Andika kwanza," akasema, na alikuwa ameshikilia ukingo wa kizimba kwa mikono yote miwili.