Salamu Haijibiwi kwa Kidole

Mimi nilifika darasa la sita la msingi, na kazi yangu ni kudarizi mashuka. Kwa hiyo nikiandika kwamba nilisaidia kutengeneza ukurasa wa internet, naomba nieleweke sawa: mambo ya kompyuta yalikuwa ya mdogo wangu yote. Yeye anaishi Beni, kule Bungulu, ana chumba kidogo anamotengenezea watu wa maduka kurasa zao. Mimi niko Butembo, upande wa Rughenda, pamoja na mama yetu.

Mama alikuwa na uvimbe shingoni tangu sisi wadogo. Mwaka huo ukaanza kumkaba. Daktari alisema lazima apasuliwe, na alituambia mapema, bila kuficha, kwamba sauti inaweza kupungua au hata isirudi. Simlaumu. Tulipewa wiki tatu za kungoja.

Mdogo wangu ndiye aliyewaza. Watoto wa kaka yetu wamezaliwa Kinshasa. Kinande, lugha yetu, hawakijui; Mama, ambaye ni koko wao, akiwaongelesha kwa simu, wanamjibu Lingala.

"Yaya, tukamate maneno yake mbele ya operation," aliniambia mimi mkubwa wake. "Tufanye fasi ya batoto kuchezea. Weye utachora."

"Nichore nini? Mimi najua maua ya shuka tu."

"Donc chora na sindano."

Nikachukua shuka la zamani nikadarizi lupango letu la utoto, boma la kwetu kule Lubero: jiko, mbuzi, kuku, shamba la maharagwe, wingu juu, na mlango wa matete mbele. Sikuwa na hakika hata ya rangi. Yeye akalipiga picha, na kila jioni Mama alikaa na simu mapajani akitaja maneno ya kila kitu nilichodarizi. Alitaja vizuri, bila haraka, kama anayechambua maharagwe.

Mdogo wangu alipokuja na mashine yake nikaona. Nilimgusa kuku, na sauti ya Mama ikasema engoko. Nilimgusa tena, vifaranga wakatoka chini yake, kila mmoja na neno lake: kuku anayeatamia, jogoo ambaye bado hajajua kuwika, kifaranga aliyepotezana na mama yake. Nikagusa wingu. Maneno yakanyesha: mvua ya kulainisha udongo, mvua ya mawe, mvua inayopita mlimani bila kutufikia. Nimeishi na Mama miaka yangu yote, na mengine sikuwahi kuyasikia. Nilikaa chini kwenye sakafu. Wingu lile nililidarizi kwa nusu saa, tena kwa uzi uliobaki.

Lilibaki jambo moja, salamu ya mlangoni. Mama akakataa kuisema.

"Namusalimia nani?"

"Batoto, Mama. Ba Kinshasa."

"Beko wapi?"

"Batakuya kisha."

"Na batanijibu namna gani?"

Mdogo wangu akamwonyesha mlango. "Banafinya hapa, unafunguka."

Mama akaangalia sana. "Salamu unaijibu na kidole? Mutoto akinifanyia vile ku mulango, namurudisha ku barabara."

Mimi nilicheka. Mdogo wangu hakucheka, na alikuwa na haki, maana zilibaki siku tano. Lakini Mama pia alikuwa na haki. Kwetu salamu ni watu wawili. Unauliza, unajibiwa, unauliza habari ya nyumba. Asiyejibiwa anabaki amesimama nje na neno lake mdomoni.

Mdogo wangu akarudi Beni amekasirika. Siku ya tatu alifika tena, vumbi mpaka kwenye nyusi, na ukurasa umebadilika. Sasa ukurasa wenyewe ukishasalimu unanyamaza na kungoja. Mtu akitoa sauti, mlango unafunguka. Maneno hauyajui, unasikia tu kwamba kuna mtu. Mama aliujaribu mara mbili, akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa iko mutu," akasema, na akaisema salamu yote, kwa ile sauti yake nene.

Mara pikipiki ikapita nje na mlango ukafunguka.

"Huyo wa nani tena?" akauliza Mama.

Mdogo wangu akapandisha kipimo cha sauti, ili pikipiki na kuku wabaki nje na mtu aongee kwa nguvu.

Mama alipasuliwa, akapona. Wiki za kwanza hakusema kitu. Kisha sauti ikarudi, ila nyembamba, kama uzi unaopita kwenye kitambaa. Kule Kinshasa watoto walikuwa tayari wanaipigia simu kelele za Kinande. Kaka alisema majirani wanauliza kuna nini.

Siku moja Mama akaomba aonyeshwe ukurasa. Sauti yake ya zamani ikamsalimia. Aliweka kikombe chini, akatengeneza kitenge chake, akajibu yote. Mlango haukufunguka. Ukamsalimia tena. Akajibu tena, shingo imekaza. Hakuna.

Akanigeukia. "Ananikatala? Na ni miye njo nilimufundisha."

Ningeweza kugonga meza, mlango ungefunguka. Mkono nilishauinua. Sijui kama ni heshima iliyonizuia au ni woga. Nikampigia mdogo wangu.

"Shusha kipimo."

"Nikishusha, kuku bataingia. Mvua, pikipiki, yote."

"Baingie."

Nikasikia vidole vyake kwenye mashine. "Ajaribu sasa."

Mama alijibu mara ya tatu, kwa uzi ule ule. Matete ya mlango yakajitenga mshono kwa mshono, kuku akatokea, na mbuzi. Mama hakuangalia. Aliweka simu sikioni, aisikilize ile sauti yake nene.

Sijui kama tulifanya vizuri. Kaka anasema watoto hawajikazi tena, mtu akikohoa tu ameingia, na ni kweli, wamepoteza maneno kidogo. Mvua ikipiga mabati mlango unafunguka wenyewe. Jana ndege ilishuka kwenye uwanja wa hapa Rughenda, simu ikiwa mezani, na mlango ukafunguka. Mama alikuwa anamenya ndizi. Bila kuinua kichwa, akaiuliza habari ya nyumba yake.